Triliamu Inapoota kwa Mafungu

Katika misitu ya mashariki ya Marekani na Kanada, triliamu nyeupe (Trillium grandiflorum), ua rasmi la jimbo la Ontario tangu 1937, aghalabu huchomoza shina moja lenye majani matatu na ua moja la petali tatu. Lakini mara nyingine hukutwa fungu la mashina yaliyobanana, yote yamechanua, na aliyeliona huwa mwepesi kutangaza kwamba amepata aina mpya. Naona tangazo hilo ni la haraka mno, kwa sababu fungu moja laweza kuzaliwa kwa njia nyingi.

Shina la triliamu hutoka kwenye tunguu lililolala udongoni kama la tangawizi. Jicho la ncha ya tunguu hutoa homoni iitwayo auksini, ambayo huyazuia macho ya pembeni yasichipue. Ncha ikioza au ikiliwa na wadudu, kizuizi hulegea na mashina mapya hutokea. Watunza bustani hulikata tunguu makusudi kwa ajili hiyo. Sisimizi nao huleta sura ileile kwa njia nyingine kabisa. Mbegu ya triliamu ina kijinyama chenye mafuta, nao huibeba hadi kwenye kiota, wakala kijinyama na kuitupa mbegu. Mbegu nyingi zikitupwa mahali pamoja, tunachodhani ni mmea mmoja huwa ni mimea ndugu. Tena ipo fitoplasma, bakteria asiye na ukuta wa seli, wa kundi lilelile linaloua minazi pwani ya Tanzania. Huchora michirizi ya kijani kwenye petali za triliamu na kuyapotosha maumbile yake, na zamani baadhi ya wagonjwa hao walipewa majina kana kwamba ni aina za pekee.

Yupo atakayesema kipimo cha vinasaba kinamaliza ubishi. Kinamaliza nusu tu. Vinasaba vikitofautiana, hao ni ndugu. Vikilingana, tunguu limegawanyika, lakini hatujajua kama ni kwa kurithi au kwa jeraha. Hapo inabidi vipande vya tunguu la fungu na vya mimea jirani ya kawaida vipandwe kwenye udongo mmoja na kivuli kimoja. Na kwa kuwa kukata kwenyewe ni kujeruhi, pande zote mbili zikatwe sawasawa. Vipande vya fungu vikizidi kuchipua mwaka baada ya mwaka, ndipo dai la urithi linapopata uzito. Kulithibitisha kwa mbegu huchukua muda mrefu zaidi, maana triliamu hungoja takriban miaka saba au zaidi kabla ya kuchanua.