Masega ya Bomba la Moshi la Pikipiki: Kazi Yake na Athari za Kuyaondoa Nyumbani

Masumbwe, mji wa Wilaya ya Mbogwe ulioko katika barabara kuu ya Kahama kuelekea Ushirombo na Lusahunga, hutegemea pikipiki kwa karibu kila safari fupi: kutoka stendi hadi sokoni, kutoka kijijini hadi kituo cha afya, kutoka makazi ya wachimbaji hadi kwenye maduara ya dhahabu. Chombo cha namna hiyo kikitengenezwa vibaya, madhara yake hayabaki kwa mwenye chombo peke yake. Makala haya yanaeleza jambo moja ambalo hufanywa kwenye gereji za mitaani na hata uani kwa watu, nalo ni kukata bomba la moshi na kuondoa kifaa ambacho mafundi wetu hukiita masega.

Jina hilo limetokana na umbo lake. Ndani ya kifuko cha chuma mna kigae au bati jembamba lenye vitundu vidogo vingi mfano wa sega la nyuki, na kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wenye joto unapopita humo, gesi ya kaboni monoksaidi hugeuzwa kuwa hewa ya ukaa, petroli ambayo haikuungua hugeuzwa kuwa hewa ya ukaa na mvuke wa maji, na oksidi za naitrojeni hurudishwa kuwa naitrojeni ya kawaida. Masega mazima, yakishapata joto la kutosha, huweza kusafisha zaidi ya asilimia 90 ya gesi hizo. Yakiwa ya baridi hayafanyi kazi, na ndiyo maana pikipiki hutoa moshi mbaya zaidi katika dakika za kwanza baada ya kuwashwa.

Si kila pikipiki ina kifaa hiki. Pikipiki nyingi ndogo zenye kabureta, hasa za matoleo ya zamani, hazikuwekewa. Hupatikana zaidi katika pikipiki kubwa za kasi na katika matoleo mapya yanayotumia mfumo wa kielektroniki wa kupuliza petroli, kwa kuwa masoko ya Ulaya na India yamekaza viwango vya moshi. India, kwa mfano, ilianza kutumia kiwango chake cha sita mwezi Aprili 2020. Kwa pikipiki isiyo na masega, kinachotolewa huwa ni vibomba vya ndani vya sailensa ili ingurume. Matendo hayo mawili hufanana kwa macho, lakini la kwanza huongeza sumu hewani na la pili huongeza kelele. Mara nyingi fundi hufanya yote mawili kwa mkato mmoja wa grainda.

Sababu inayotolewa sana ni nguvu: kwamba masega huziba pumzi ya injini. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Masega yaliyoziba hupunguza nguvu kweli, lakini hayazibi yenyewe. Huziba kwa sababu injini inakula oili, plagi haichomi sawasawa, au petroli imechakachuliwa. Wananchi watakumbuka kuwa EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kudhibiti uchakachuaji huo. Petroli ya chupa kando ya barabara haina mtu wa kuithibitisha. Anayeondoa masega yaliyoziba na kuiacha injini inayokula oili ameondoa dalili, ugonjwa ameuacha.

Upande wa matumizi ya mafuta, matokeo huweza kuwa kinyume kabisa na matarajio. Pikipiki ya kielektroniki hupima oksijeni iliyomo kwenye moshi kwa sensa iliyofungwa kwenye bomba. Mshono wa kulehemu ukivuja karibu na sensa hiyo, hewa ya nje huingia; kontroli boksi hudhani petroli ni kidogo na kuongeza nyingine. Mwenye pikipiki aliyetaka kuokoa lita hujikuta anaongeza safari za kituo cha mafuta.

Kazi yenyewe pia ina hatari zake. Kusaga kigae cha masega hutoa vumbi laini lisilofaa kuvutwa, na kulehemu karibu na tangi la petroli ni kuchezea moto. Katika ukanda huu wa dhahabu kuna kishawishi cha ziada: masega yana thamani, na wapo wanaofikiri yanaweza kupelekwa karasha kama mawe ya duarani. Masega ya pikipiki yana kiasi kidogo mno cha madini hayo. Zebaki haishiki platinamu kama inavyoshika dhahabu, na njia inayobaki ni ya asidi kali, ambazo udhibiti wake upo chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Biashara ya vyuma chakavu nayo huhitaji kibali cha mazingira.

Jambo zito zaidi ni kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na hushika damu kuliko oksijeni inavyoishika. Wachimbaji wadogo wanaijua kwa sura nyingine: ni ileile itokayo kwenye pampu na jenereta za petroli, ambayo huua watu zinapowashwa ndani ya duara. Fundi anayejaribu injini isiyo na masega ndani ya banda lililofungwa yuko katika hatari hiyohiyo. Hata pikipiki yenye masega isiwashwe ndani ya chumba, kwa sababu iliyokwisha elezwa ya masega kutofanya kazi yakiwa baridi.

Kisheria, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Sura 191, ndiyo msingi wa Kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007 na zile za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura 168, inahusu ubora wa chombo kinapokuwa barabarani, na askari wa usalama barabarani wana mamlaka ya kukikagua. Maafisa usafirishaji wanaobeba abiria kwa leseni wanapaswa kutambua kwamba chombo kibovu huweza kuwagharimu siku za kazi.

Kwa ambaye masega yake yanasumbua, hatua ya kwanza ni kupima injini: kiwango cha oili, hali ya plagi, kichujio cha hewa, kisha uvujaji kwenye maungio ya bomba. Endapo masega yamekufa, fundi aweke mengine yanayolingana na toleo la pikipiki hiyo. Kwa ambaye tayari alikwisha kukata, bomba kamili lililotumika kutoka pikipiki ya toleo lilelile hufaa, mradi sensa irudishwe mahali pake na mishono ikaguliwe kwa povu la sabuni injini ikiwa baridi, huku hewa ikipulizwa ndani ya bomba. Kazi hiyo ifanyike nje, mahali penye upepo.