Vumbi la Francis Bacon

Agosti 1998, wanaakiolojia walipanda ngazi nyembamba ya nyumba namba 7 Reece Mews, South Kensington, London, wakiwa na futi za kupimia, karatasi za kuchorea ramani na mifuko ya vielelezo. Watu wa fani hiyo tumezoea kuwaona makaburini na kwenye magofu. Safari hii walikuja kupima chumba cha mchoraji aliyekuwa amefariki miaka sita tu nyuma. Hawakugusa kitu kabla ya kukichora kwenye ramani: kila rundo, kila kopo la brashi na kila picha iliyokanyagwa ilipewa namba na mahali pake. Walipomaliza, wahifadhi wa kazi za sanaa walifungasha vitu, wakabandua plasta ya kuta, wakang'oa mlango, sakafu na dari, kisha wakafagia vumbi na kulitia mifukoni. Mzigo wote ukavushwa bahari hadi Dublin, Ireland.

Chumba hicho kilikuwa cha Francis Bacon, mmoja wa wachoraji wakubwa wa Uingereza katika karne ya 20. Ukubwa wake ulikuwa kama mita 6 kwa 4. Mrithi wake, John Edwards, alikitoa zawadi kwa jumba la sanaa la Hugh Lane la huko Dublin, nalo likakijenga upya na kukifungua kwa umma Mei 2001. Vitu vilivyoorodheshwa vilizidi 7,000: vitabu na katalogi karibu 570, picha za kamera kama 1,500, kurasa zilizochanwa vitabuni, makopo ya rangi, na kanvasi kama 100 ambazo mwenyewe alizikata kwa kisu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini vumbi nalo lifungashwe. Jibu liko katika mapafu ya Bacon na pia katika michoro yake.

Alizaliwa Dublin tarehe 28 Oktoba 1909, mtoto wa wazazi Waingereza. Baba yake, kapteni mstaafu wa jeshi, alifuga na kufundisha farasi wa mashindano, na mtoto alikuwa na pumu kali. Farasi na mbwa walimdhuru. Katika pumu, kinga ya mwili hupokea vitu kama nywele za wanyama, chavua au vumbi kana kwamba ni adui. Utando wa ndani wa njia za hewa huvimba, misuli inayozizunguka hujikaza na makohozi huongezeka, hata mgonjwa akajikuta anahangaika kuitoa nje pumzi aliyokwisha kuivuta. Mtoto wa namna hiyo katika nyumba ya farasi hakuwa na maisha mepesi, na baba hakuwa mtu wa huruma. Bacon alifukuzwa nyumbani akiwa na miaka 16. Alipita Berlin, kisha Paris, akarudi London kubuni samani na mazulia kabla ya kushika brashi kwa dhati. Shule ya sanaa hakuwahi kusoma.

Pumu hiyohiyo ndiyo iliyomwepusha na jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alijitolea katika kikosi cha raia cha kujihami na mashambulizi ya ndege, lakini vumbi la majengo yaliyolipuliwa lilimzidi akalazimika kuacha. Akabaki na muda wa kuchora. Mwaka 1944 akakamilisha kazi ya vipande vitatu iitwayo *Three Studies for Figures at the Base of a Crucifixion*, ambayo leo iko katika jumba la Tate, London: viumbe vyenye shingo ndefu na midomo iliyoachama, nyuma yao rangi ya chungwa inayochoma macho. Ilipooneshwa mwaka 1945 ilishtua watu, na jina lake likaanza hapo.

Kuhama kwake kulikuwa kwingi. Tangu 1943 aliishi Cromwell Place, katika nyumba ambayo zamani ilikuwa na studio ya mchoraji John Everett Millais, pamoja na Jessie Lightfoot, yaya aliyemlea tangu utotoni. Usiku nyumba iligeuka ukumbi wa kamari isiyo na kibali, na bibi huyo akiwemo katika shughuli. Yaya alipofariki mwaka 1951, Bacon hakuweza kuendelea kukaa pale. Akaiachia nyumba, na kwa miaka kumi akawa mtu wa vyumba vya kuazima na vya kupanga, mara London, mara Tangier nchini Morocco. Mwaka 1961 ndipo alipotua Reece Mews, na hapo akakaa hadi kifo chake.

Vichochoro vinavyoitwa *mews* London vilijengwa kwa ajili ya farasi na magari yao ya kukokotwa, na watumishi wakilala juu. Kwa hiyo kijana aliyefukuzwa katika nyumba ya farasi, na ambaye farasi walimnyima pumzi, alimalizia miaka yake 30 ya mwisho juu ya lililokuwa banda la farasi. Ngazi ilikuwa ya mwinuko mkali, na kamba ndiyo iliyotumika badala ya mkono wa kushikia. Juu kulikuwa na vyumba vitatu tu: cha kulala ambacho pia kilikuwa sebule, jiko lenye beseni la kuogea humohumo, na studio.

Pesa hazikuwa tatizo. Kufikia miaka ya 1970 angeweza kununua jumba, na alijaribu. Alipata nyumba Limehouse, kando ya mto Thames, lakini mwanga uliokuwa ukicheza juu ya maji ulimvuruga asiweze kufanya kazi. Paris alikuwa na studio nzuri karibu na Place des Vosges na aliitumia kwa muda, ila kila mara alirudi kwenye kile chumba chenye dirisha la paa. Mwaka 2013, miaka 21 baada ya kifo chake, picha zake tatu za rafiki yake Lucian Freud za mwaka 1969 ziliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 142.4. Zilitoka kwa mtu aliyeoga jikoni kwake kwa hiari.

Ratiba yake inawapoteza wanaomjua kwa sifa ya ulevi tu. Aliamka alfajiri, hata kama usiku alirudi amelewa, akafanya kazi hadi karibu adhuhuri. Baada ya hapo ndipo starehe za mtaa wa Soho zilipoanza: chaza na shampeni katika mgahawa wa Wheeler's, kisha Colony Room, klabu iliyofunguliwa na Muriel Belcher mwaka 1948. Mama huyo mwenye ulimi mkali aliona mapema kwamba Bacon huvuta watu, akampa pauni 10 kwa wiki na vinywaji vya bure ili awalete. Kutoka hapo, kamari. Asubuhi ilifuata, naye alikuwa mbele ya kanvasi tena. Kuna wasanii wengi walioiga jioni zake, na wachache sana walioiga asubuhi zake.

Sasa turudi kwenye vumbi. Mgonjwa wa pumu huambiwa alikimbie, na Bacon aliliacha lirundikane miaka 30 huku akivuta pia mvuke wa tapentaini na, baadaye, rangi za kupuliza. Kwa daktari huo ni ukaidi. Kwa mchoraji, vumbi lilikuwa rangi. Katika picha ya mwaka 1945 ya mtu aliyeketi bustanini, alichukua vumbi la sakafuni akalipaka juu ya rangi mbichi ili kupata kijivu cha suti ya flana. Rangi ya mafuta ina mng'ao, na kitambaa cha sufu hakina; vumbi lilimaliza kazi ambayo brashi haikuiweza. Miaka mingi baadaye alirudia mbinu hiyo alipochora matuta ya mchanga.

Alifanya jambo jingine ambalo mafundi wa kanvasi wangemkataza. Kanvasi ya dukani huwa imepakwa upande mmoja tabaka jeupe la kuzuia rangi isinywewe na nyuzi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, alipokuwa Monte Carlo na kamari imemkausha, aligeuza kanvasi alizokwisha kuzitumia akachora nyuma, upande mkavu. Uhaba ukazaa mtindo, naye hakuuacha tena. Upande huo hunywa rangi papo hapo, kwa hiyo mkono ukikosea hakuna kufuta. Ndiyo maana nyuso zake zinaonekana zimepigwa kwa mkupuo mmoja, na ndiyo maana kanvasi nyingi ziliishia kukatwa. Kuta na mlango vilikuwa ubao wake wa kuchanganyia rangi. Vipande vya suruali za kodrai na sweta vilichovywa rangini na kugandamizwa kwenye kanvasi ili kuacha alama za ufumaji.

Filamu nazo ziliishi katika marundo ya studio hiyo. Aliyoipenda kuliko zote ni *Battleship Potemkin* ya Sergei Eisenstein, iliyotoka mwaka 1925. Kuna sehemu ambapo askari wanashuka ngazi za mji wa Odessa wakiufyatulia risasi umati, na mwanamke mmoja anaonekana kwa karibu, miwani imevunjika, jicho linavuja damu, mdomo wazi akipiga yowe. Filamu ilikuwa bila sauti. Yowe hilo halikuwahi kusikika, na huenda hapo ndipo uzito wake ulipo. Bacon aliiona miaka ya 1930 na mdomo ule haukumtoka tena. Mwaka 1957 alimchora mwanamke huyo waziwazi katika picha ambayo sasa iko Frankfurt. Kabla ya hapo alikuwa amemvalisha papa mdomo huohuo: katika picha ya mwaka 1953 inayotokana na mchoro wa papa Innocent X wa mchoraji Diego Velázquez, kiongozi mkuu wa Kanisa ameketi kitini anapiga ukelele wa mtu wa sinema. Mchoro halisi wa Velázquez uko Roma. Bacon alifika Roma mwaka 1954 na hakwenda kuutazama.

Jambo hilo la Roma linafafanua mengi. Alipendelea nakala. Mwanamke wa Odessa alimfuga kama picha mnato zilizochanwa vitabuni, zikakunjwa, zikakanyagwa, zikadondokewa rangi hadi uso ukaharibika kwa namna mpya. Ndivyo alivyozitumia pia picha za Eadweard Muybridge za watu na wanyama wakiwa mwendoni, na kitabu cha magonjwa ya mdomo alichokinunua Paris ujanani. Sakafu ilimfanyia nusu ya kazi.

Sinema nayo ikaja kulipa deni. Bernardo Bertolucci aliweka picha za Bacon mwanzoni mwa *Last Tango in Paris* ya mwaka 1972, baada ya kumpeleka mwigizaji Marlon Brando kuziona katika onyesho la Bacon kwenye jumba la Grand Palais. Onyesho hilo la Paris lilikuwa na kivuli chake: George Dyer, mpenzi wa Bacon na mtu aliyemchora mara nyingi, alifariki hotelini kwa dawa na pombe siku mbili kabla ya ufunguzi, Oktoba 1971. Mnyama anayepasua kifua katika *Alien* ya Ridley Scott, 1979, ana damu ya wale viumbe wa 1944. Christopher Nolan naye alitumia vitabu vya Bacon kuwaelekeza mafundi wa vipodozi walipotafuta uso wa mhalifu Joker, ule mweupe uliovurugika, katika *The Dark Knight* ya 2008.

Afrika Mashariki pia ilikuwa sakafuni pale. Bacon alikuwa na kitabu cha Marius Maxwell cha miaka ya 1920, chenye picha za tembo na vifaru zilizopigwa kwa karibu mno porini, na kwacho alipata umbo la wanyama kadhaa alioanza kuwachora mwaka 1952. Mama yake na ndugu zake walikuwa wamehamia kusini mwa Afrika; alipowatembelea, alivutiwa zaidi na wanyama wanaopita katika nyasi ndefu. Baadaye akawa rafiki wa Peter Beard, mpiga picha Mmarekani aliyekuwa na makazi nje ya Nairobi. Beard alikuwa amewapiga picha kutoka angani maelfu ya tembo waliokufa katika mbuga ya Tsavo kwa ukame na njaa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bacon alizithamini mno picha hizo za mizoga, na akamchora Beard mwenyewe mara kadhaa. Wakenya wanaozijua picha za Tsavo kama kumbukumbu ya msiba wa mbuga yao hawajaambiwa vya kutosha kwamba zilikuwa pia malighafi ya mchoraji wa London.

Aprili 1992, akiwa na miaka 82, Bacon alifunga safari ya Madrid kinyume cha ushauri wa daktari. Kifua kilimbana, akalazwa, na tarehe 28 moyo ukasimama. Waliomuuguza walikuwa watawa. Mtu aliyechora misalaba maisha yote bila kuamini Mungu angecheka.

Waliokwenda Dublin waliitazama studio kupitia vioo, na hapo shaka inafaa. Chumba kisichoingiwa, ambacho vumbi lake lilirudishwa kwa makusudi, ni jukwaa zaidi ya studio. Faida kubwa ya uhamisho ule iko kwenye kanzidata, ambamo kila kitu kina picha na maelezo yake. Bacon aliwahakikishia waandishi kwa miaka mingi kwamba hachori michoro ya awali. Picha, alidai, humjia moja kwa moja kwenye kanvasi. Ndani ya marundo ilitoka michoro kama 70 kwenye karatasi, pamoja na orodha za picha alizopanga kuchora. Baadhi ya wataalamu wanaiona michoro hiyo kuwa duni na isiyobadili kitu. Lakini kama haikuwa na kazi, mtu aliyekuwa mwepesi wa kisu kiasi kile angeiacha ya nini?

Si kila kitu kilifika Dublin. Mwishoni mwa miaka ya 1970, fundi umeme aliyekuwa akifanya kazi kwake alimkuta Bacon akitupa taka, akaomba aruhusiwe kuchukua baadhi. Akapewa kanvasi zilizokatwa nyuso, barua na shajara, akazihifadhi kwa karibu miaka 30. Mwaka 2007 alizipeleka mnadani, zikauzwa kwa karibu pauni milioni 1.