Jibini ya Moto Yenye Utamu Juu: Kazi ya Maziwa Yaliyokosa Gari

Mvua za masika zilipoharibu barabara zetu, mama mmoja kutoka upande wa Nyamira alifika ofisini kwetu na mtungi wa maziwa lita 12. Gari la kukusanya maziwa lilikuwa limekwama matopeni, halikufika kijijini kwao. Alikuwa amekamua saa kumi na moja alfajiri, akangoja kando ya njia mpaka saa nne, kisha akapanda pikipiki kuja Kisii mjini akitumaini kwamba watu wa kilimo watamwonyesha mnunuzi. Alipoingia mlangoni ilikuwa saa sita kasoro kidogo.

Mimi ni karani tu. Kazi yangu ni kupiga taipu na kutunza majalada, wala si afisa wa mifugo. Lakini nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, na hata leo watu huniita Mwalimu. Nikachota maziwa kijiko kimoja, nikakishika juu ya jiko letu la chai. Yalipochemka tu yakakatika vipande vipande.

"Mwalimu, sasa niyamwage?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Mama, ungaliyafikia mapema haya yangalikuwa jibini." Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mbuzi wake angalikuwa ng'ombe. Maziwa yale yalikuwa sehemu ya karo ya mtoto wake. Ndiyo sababu naandika habari hizi, maana najua kwamba wako wengi walio kama yeye, Borabu, Manga, Masaba na kwingineko, ambao kila msimu wa mvua humwaga maziwa mazuri kwa kuwa hawajui la kuyafanyia katika saa zile chache za kwanza.

Neno kubwa ni saa. Maziwa yaliyokamuliwa kwa usafi na kuwekwa mahali pa baridi hukaa vizuri saa mbili au tatu. Baada ya hapo vijidudu vilivyomo huanza kuila sukari ya maziwa na kuifanya asidi. Maziwa yakiisha kuchachuka hivyo, ukiyatia motoni hukatika ovyo, na jibini yake huwa ya chengachenga tena ina ladha kali. Kwa hiyo usingoje gari mpaka saa sita ndipo uanze kufikiri. Jiwekee saa yako. Ikiwa umekamua saa kumi na moja na saa mbili imefika pasipo gari, fanya jaribio la kijiko. Yasipokatika, washa moto.

Wengine watasema jibini ni chakula cha Wazungu. Sisi Abagusii tangu zamani tunajua kugandisha maziwa. Nani kati yetu hakulelewa kwa amaruranu yaliyotoka katika kibuyu, yakaliwa na obokima? Jibini ni ndugu yake, ila maji yametolewa. Hii nitakayoieleza ndiyo ile ile ambayo Wahindi huiita paneer, na haihitaji mashine yoyote. Jibini nyingi za madukani, kama zile zinazotengenezwa Limuru na Eldoret, hugandishwa kwa dawa ambayo asili yake ni tumbo la ndama, kisha nyingine huwekwa wiki au miezi ipate kukomaa. Yetu hugandishwa kwa moto na ndimu, na huliwa siku ile ile.

Iko tofauti nyingine, nayo ndiyo inayotufaa katika upishi. Jibini nyingi za dawa ya tumbo la ndama zikipata moto huyeyuka na kutambaa. Jibini ya ndimu haiyeyuki. Ukiioka husimama vile vile ulivyoikata, ikapata ngozi ya rangi ya kahawia juu na chini, na ndani ikabaki laini. Huko Ulaya na Marekani watu huoka jibini laini nzima, wakaimwagia asali au jemu, wageni wakachovya mkate ndani yake kabla ya chakula chenyewe. Yetu haichovyeki, bali hukatwa kama keki. Inafanana zaidi na ile ya wakulima wa Ufini, nchi ya baridi kali kaskazini ya Ulaya. Wao huiita leipäjuusto, yaani jibini ya mkate. Huioka kwa moto hata iwe na madoa meusimeusi, kisha huila ikiwa na joto pamoja na jemu ya matunda ya porini, na wengine huitia vipande katika kahawa. Zamani waliitengeneza kwa dang'a, yale maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Hapo tusiwafuate. Dang'a ni haki ya ndama, na ndama asiyeipata hana kinga ya magonjwa.

Sasa tuanze kazi. Chukua lita 5 za maziwa. Yawe ya ng'ombe mzima. Kama ng'ombe alidungwa sindano ya dawa, au alitiwa dawa ya kiwele, maziwa yake yasitumiwe mpaka siku alizotaja daktari wa mifugo ziishe, kwa maana dawa haitoki kwa kuchemsha. Chombo cha kukamulia kiwe cha bati au alumini, wala si jerikeni ya plastiki, kwa sababu mikono haifiki pembeni mwake na uchafu wa jana hukaa humo ukingoja maziwa ya leo.

Yachuje, yatie katika sufuria nzito, yachemshe huku ukikoroga polepole mpaka chini ili yasiungue. Yafikie kuchemka kweli. Wako watu wanaosema maziwa mabichi yana nguvu zaidi. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe, na pia ugonjwa ule unaowafanya ng'ombe kutupa mimba, ambao kwa binadamu huleta homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo. Jambo hili halina ubishi.

Wakati huo kamua ndimu au malimau hata upate maji yake vijiko 10 vikubwa, yaani vijiko 2 kwa kila lita. Yachanganye na maji safi ya kiasi hicho hicho. Kisha ipua sufuria. Nasema ipua. Mara ya kwanza nilipojaribu kazi hii nyumbani, mbele ya ndugu zangu waliokuja kunicheka kwamba mwanamume anapika maziwa, niliimwaga ndimu yote kwa mara moja sufuria ikiwa ingali motoni, nikakoroga kwa nguvu kama mtu anayesonga ugali. Nilipata punje ngumu kama mchanga wa mtoni. Nyingine zilipita katika kitambaa, na zilizobaki hazikushikana. Ndugu zangu walicheka vya kutosha siku ile.

Basi, ipua, ngoja dakika 2 au 3 mapovu yatulie, halafu mimina ndimu kidogo kidogo ukizungusha mwiko taratibu. Utaona maziwa yanaanza kujitenga, mabonge meupe upande mmoja na maji upande mwingine. Maji yakiwa bado meupe, ongeza ndimu kidogo. Yakiwa ya rangi ya manjano inayoelekea kijani, tena ukiweza kuona kupitia ndani yake, acha. Ndimu ikizidi, jibini huwa chachu. Funika, iache dakika 10 bila kuigusa.

Tandika kitambaa cha marekani kilichochemshwa juu ya kichujio, mimina polepole. Nyunyizia chumvi vijiko 2 vya chai, changanya kwa mkono uliooshwa vizuri. Kusanya pembe za kitambaa, kamua, kisha kiweke juu ya ubao safi ulioinamishwa kidogo. Weka sahani juu yake na juu ya sahani jiwe la kilo 2 hivi. Baada ya saa mbili utafungua na kuona kitu cheupe kilichoshikana kama kipande cha mkate. Lita 5 za maziwa ya ng'ombe wa gredi hutoa jibini kama gramu 600 hata 750, kwa kadiri ya mafuta yaliyomo. Maji yaliyotoka usiyamwage. Yana sukari na chumvichumvi za maziwa. Yaweza kupikia uji, na nguruwe huyapenda sana.

Utamu wa kuweka juu ni hiari yako. Mimi napenda matunda ya pasheni, yale ambayo wengine huyaita karakara, kwa kuwa huku kwetu yamo mashambani na uchachu wake hupatana na chumvi ya jibini. Pasua matunda 8, toa nyama yake pamoja na mbegu, tia sukari vijiko 4 vikubwa na maji robo kikombe, chemsha juu ya moto mdogo kama dakika 10. Ukichovya kijiko na rojo ikashikamana nacho badala ya kutiririka, iko tayari. Asiyependa mbegu aichuje. Kama huna pasheni, pasha vijiko 3 vya asali moto kidogo tu, uchanganye na njugu zilizokaangwa na kupondwa. Asali usimpe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kidogo, maana yaweza kuwa na mbegu za ugonjwa ambao tumbo lake halijaweza kupigana nao.

Tanuri si lazima. Wanaooka keki vijijini wanaijua njia hii. Chukua sufuria kubwa, tia mchanga mkavu wa kimo cha vidole viwili, ifunike, iweke juu ya jiko la makaa kwa robo saa ipate moto wa kutosha. Paka samli au siagi katika sahani ya bati, weka jibini iliyokatwa unene wa vidole viwili, ipake samli na juu yake pia, kisha iteremshe juu ya mchanga. Funika kwa mfuniko wa bati, na juu ya mfuniko panga makaa yenye moto. Makaa ya juu ndiyo yanayoleta rangi. Wengi huweka moto mwingi chini na kidogo juu, ikaungua tumbo huku uso ukiwa mweupe kama mgonjwa. Fanya kinyume chake. Mlango wa jikoni uwe wazi wakati wote, kwa sababu hewa ya makaa huua watu bila kunuka.

Baada ya dakika 20 chungulia. Ikiwa imepata madoa ya kahawia, mimina rojo juu yake, funika tena dakika 4 au 5, ipate kuingia kidogo na kung'aa. Mwenye tanuri la umeme au gesi atumie joto la digrii 200. Ipeleke mezani papo hapo. Ikipoa huwa ngumu kidogo, ingawa watoto wa kwangu hawajawahi kuiacha ikapoa.

Kwa desturi zetu mgeni hupewa chai akingojea chakula. Hapa ndipo mahali pa jibini hii. Obokima ikisongwa na kuku akiwa bado jikoni, mkatie kila mgeni kipande kama cha vidole vitatu, pamoja na kipande cha mkate au kiazi kitamu. Usizidishe, kwa kuwa inashibisha, na mgeni aliyeshiba jibini hatamgusa kuku wako.

Jibini mbichi isiyookwa, kama huna friji, ioke na kuila siku ile ile. Ukiwa na friji, ifunge vizuri nayo itakaa siku 3. Wenye kutaka kuuza wajue kwamba biashara ya maziwa na vitu vitokanavyo na maziwa inasimamiwa na Bodi ya Maziwa ya Kenya, iliyoundwa mwaka wa 1958, na hapana budi kupata leseni kwanza. Vikundi vya akina mama vyaweza kuomba pamoja. Kwa harusi au mkutano wa kanisa, ambapo mtu anapikia wageni wake mwenyewe, hakuna shida hiyo.

Mama yule wa Nyamira alirudi baada ya wiki mbili, saa tatu asubuhi, akiwa na kitu kilichofungwa katika kitambaa. Gari halikuwa limefika tena. Jibini yake ya kwanza ilikuwa na chumvi nyingi mno, tukamwambia hivyo, naye akasema anajua. Ya pili aliipeleka kwenye matanga ya jirani na haikurudi hata punje. Sasa anauliza habari za leseni, nami nimemtafutia fomu.