Kumkamata Mnyama wa Porini Si Kazi ya Kila Mtu



Nyati akiingia shambani au chui akikutwa zizini, sote twajua yanayofuata: kelele, mawe, mbwa, na watoto wakikimbilia kutazama. Gari la KWS likifika, watu wanauliza, "Mbona wanachelewa? Si wampige sindano tu!" Tumeona ni vyema tueleze kazi hiyo inavyofanywa.

Kumlewesha mnyama ni kazi ya daktari wa mifugo. Amesoma chuo kikuu miaka mitano, kisha akajifunza wanyama wa porini kwa kufanya kazi na waliomtangulia. Husaidiwa na askari waliofunzwa kukamata wanyama.

Kwanza, hukadiria uzito kwa macho, maana nyati hapandi mzani. Dawa ikiwa kidogo, mnyama hukimbia ovyo akiwa amelewa nusu. Ikizidi, hukosa pumzi. Dawa ya ndovu na vifaru, iitwayo etorfini, ni kali mno: hata kiasi kidogo sana kikiingia mwilini mwa mtu chaweza kumwua. Kwa hiyo, sindano ikianguka shambani, usiiguse. Zuia watoto na uwaite askari.

Pili, mnyama haanguki papo hapo. Hupita dakika kadhaa. Akilala, hufunikwa macho asishtuke, pumzi yake huangaliwa, na humwagiwa maji mwili usipate joto kupita kiasi. Ndovu akianguka kifudifudi husukumwa haraka alale ubavu, kwa sababu uzito wake mwenyewe humzuia kupumua. Kazi ikiisha, hudungwa dawa ya kumwamsha.

Tatu, kuna hatari ya mbio. Swara au twiga akikimbizwa sana, misuli yake huharibika ndani kwa ndani. Anaweza kufa siku kadhaa baadaye bila kidonda chochote. Kumbe aliyemkimbiza ndiye aliyemwua, hata kama hakurusha jiwe.

Wala kazi haiishi mnyama akishapakiwa kwenye lori. Mwaka 2018, vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka mbuga za Nairobi na Nakuru hadi Tsavo Mashariki. Walikamatwa na kufika wakiwa hai, lakini maji ya huko yalikuwa na chumvi nyingi. Walivyozidi kunywa ndivyo walivyozidi kuwa na kiu. Wote walikufa, na wa mwisho alikuwa pia ameshambuliwa na simba. Ikiwa wenye ujuzi walipata hasara hiyo, je, sisi wenye kamba na mikuki?

Basi tufanye hivi:

- Mpashe habari chifu au kituo cha KWS mara moja.
- Fungieni watoto na mbwa nyumbani.
- Mwachieni mnyama njia ya kutokea. Msimzunguke.
- Teueni watu wawili wa kumwangalia kwa mbali na kuwaelekeza askari.
- Daktari akifika, nyamazeni na kukaa mbali hadi awaambie.

Mazao yaliyoharibiwa yanauma, na ni haki yenu kuandikisha madai ya fidia. Lakini shamba hulimwa tena. Mtu aliyekanyagwa na nyati harudi.

Ya kuzungumzia kikundini: Mnyama akiingia kijijini leo usiku, nani atampigia chifu simu? Nani atawazuia watu? Chagueni majina kabla hamjafunga mkutano.