Zuwena Wengi, Juwairiya Wachache

Katika Kiarabu, Zuwena na Juwairiya ni majina ya kalibu moja. Yote mawili yametokana na kulidogosha neno kwa mapenzi: zayna, mwanamke mzuri, likawa zuwayna, jariya, msichana, likawa juwayriya, yaani kibinti. Yanapoachana ni kwenye heshima ya kidini. Juwairiya ni jina la mke wa Mtume Muhammad, mmoja wa mama wa waumini, ilhali nyuma ya Zuwena hayuko bibi yeyote mashuhuri wa dini. Ni jina la kawaida tu la wanawake wa Oman. Kwa hesabu hiyo mtu angetarajia Handeni na Korogwe, ambako Uislamu ni dini ya mababu katika koo nyingi, wawepo akina Juwairiya kila kitongoji na Zuwena awe wa kutafutwa. Hali ni kinyume. Zuwena ni jina ambalo hakuna anayeomba lirudiwe. Diamond Platnumz alipolitumia kuuita wimbo wake mwaka 2023, hakuhitaji kumweleza mtu kuwa ni la mwanamke. Akitajwa Juwairiya, mwenye kalamu huinua kichwa na kuuliza linaandikwaje. Dai la sura hii ni kwamba jina la kike la Kiarabu halikuenea katika wilaya hizi, nchi ya Wazigua na Wasambaa, kwa uzuri wa maana yake, wala kwa utukufu wa aliyelibeba kwanza. Lilienea kwa kuwa na bibi.

Juwairiya mwenyewe si mtu wa pembeni katika historia ya dini. Baba yake, al-Harith bin Abi Dirar, alikuwa mkuu wa Banu Mustaliq, kabila lililoshindwa na Waislamu vitani katika miaka ya Madina. Binti akaangukia fungu la Thabit bin Qays, akaandikiana naye mkataba wa kujikomboa, kisha akaenda kwa Mtume kuomba msaada wa malipo. Mtume akamlipia na kumuoa, na masahaba walipoona kwamba mateka waliomo majumbani mwao sasa ni wakwe za Mtume, wakawaachia huru. Mapokeo ya Bibi Aisha yanazitaja nyumba mia moja zilizokombolewa kwa ndoa hiyo. Isitoshe, Sahihi Muslim inasimulia kuwa Mtume alitoka alfajiri akimwacha kwenye msala wake, akarudi jua limeshapanda na kumkuta palepale, ndipo akamfundisha maneno manne ya kumsifu Mungu ambayo, yakisemwa mara tatu, uzito wake unashinda yote aliyoyasoma asubuhi ile. Uradi huo umo katika vijitabu vya dua vinavyouzwa nje ya misikiti. Wapo wanaousoma kila siku na hawajawahi kuuliza alifundishwa nani.

Sababu ya jina lake kuwa adimu inaonekana tukiangalia majina yalivyopanda bara. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Pangani ilifuata bonde la Ruvu, ikapita Korogwe na kuendelea hadi Mazinde kwa Semboja, mtawala wa Kikilindi aliyetajirika kwa biashara hiyo. Upande wa kusini, Wazigua wa Handeni walikuwa na njia zao za kushuka hadi Saadani kwa Bwana Heri bin Juma, Mwislamu aliyepigana na Wajerumani akiwategemea wapiganaji wa Kizigua. Baadaye ikaja reli ya Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905, na mashamba ya mkonge yaliyovuta watu wa kila namna. Waliopita njia hizi hawakuchukua orodha ya majina mkobani. Walikuwa na wake, dada na mama zao. Nyumba za Waomani za pwani zilikuwa na akina Zuwena wa kuozwa na wa kuzaa, na mtoto wa Zuwena akioa bara, jina la mama yake lilikwenda naye. Tangu hapo desturi ya kurudisha majina ilifanya kazi iliyobaki. Siku ya akika, mtoto wa kike hupewa jina la bibi yake mzaa baba au mzaa mama. Bibi naye humwita mjukuu somo yangu, humletea kanga, humtetea akikosea. Baba mtu, kwa kuwa binti amebeba jina la mama yake mzazi, humwita mama, na kumfokea huwa kazi. Katika mpango kama huu jina halishindani na majina mengine kwa sifa. Likikosa mwanamke wa kulianzisha katika kizazi cha kwanza, hakuna wa kurudishwa katika kizazi cha tatu. Juwairiya lilikosa mwanamke huyo.

Wengi watapinga kwa kusema kuwa Waislamu huchagua majina kwa maana, na kwamba dini yenyewe inawaagiza wazazi wawape watoto majina mema. Agizo lipo kweli. Lakini tazama jina Asia, lililojaa wilaya hizi zote mbili. Kiarabu kina majina mawili yanayosikika hivyo kwa sikio la Mswahili: Asiya mke wa Firauni, mwanamke mwema, na Asiya wa herufi nyingine, maana yake muasi. Hili la pili Mtume alilibadilisha, mwenye nalo akaitwa Jamila. Herufi zinazoyatenganisha Kiswahili hakina, na neno kuasi tunalo, tena la shina hilohilo. Hata hivyo hakuna mzazi wa Korogwe aliyewahi kuogopa kwamba anamwita bintiye muasi. Chukua na Kuruthumu, au Kulthumu, la binti wa Mtume: maana yake inahusu mashavu yaliyojaa, nao mabibi wenye jina hilo wamezeeka bila kujua wala kukosa kitu. Na Juwairiya mwenyewe ni hoja dhidi ya wanaotukuza maana, kwa sababu jina lake la kwanza lilikuwa Barra, yaani mtu mwema, mcha Mungu. Mtume aliliondoa jina hilo zuri akampa hili la kawaida la kibinti, kwa kuwa hakupenda isemwe kwamba ametoka kwa Barra.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Huenda Juwairiya ni gumu kutamka tu? Lina irabu zinazosukumana katikati, na Kizigua na Kisambaa ni lugha zinazoipenda l kuliko r. Ni kweli kwamba watu huliponda likawa Jueria au Juweria. Lakini ugumu wa kutamka haujawahi kulizuia jina lililokuja na mtu. Kulthum lilikuwa na konsonanti mbili zilizobanana, wenyeji wakazipachikia irabu, wakageuza hata l waipendayo kuwa r, wakaendelea na maisha. Khadija likaachia kh yake likawa Hadija, Ruqayya likawa Rukia. Mdomo hulichonga jina likishaingia. Lakini si mdomo unaoshika mlango wa kuingilia.

Linalonisumbua mimi zaidi ni Thuwaiba, jina jingine la kalibu hiyohiyo, la mwanamke mwingine aliyemnyonyesha Mtume. Tofauti na Juwairiya, hili hutajwa katika Maulidi ya Barzanji pamoja na Amina mzazi wa Mtume na Halima mnyonyeshaji wake, na maulidi yamesomwa katika vijiji hivi kwa vizazi. Amina na Halima wamezaliwa bila idadi. Thuwaiba ni nadra karibu kama Juwairiya. Kwa hiyo kusikika peke yake hakutoshi. Jibu langu ni kwamba maulidi hayapandi jina mahali pasipo na bibi. Huliongezea nguvu lile ambalo tayari lina mwenyewe nyumbani. Halima likisomwa, kuna Halima jikoni anayesikia akitajwa. Thuwaiba likisomwa, hapana anayegeuka.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote uko Chogo, ndani ya Handeni yenyewe. Katika miaka ya 1830 ukame na njaa viliwafanya Wazigua wengi wauzwe utumwani, na baadhi yao wakavushwa hadi pwani ya Somalia. Waliotoroka walijijengea makazi kando ya mto Juba, wakatunza Kizigua chao huko kwa zaidi ya miaka 150. Vita vya Somalia vilivyozuka 1991 viliwatoa, sehemu yao wakarudi Tanzania kama wakimbizi, wakapewa makazi Chogo na hatimaye wengi wakapata uraia. Sasa, katika nchi waliyotoka, Fatima huitwa Faduma na Halima huitwa Halimo. Kwa hiyo watu wa asili moja na dini moja wamepata kuishi na jina lilelile kwa sura mbili, kwa kuwa mabibi wa upande mmoja walisilimu kwa mdomo wa Waswahili na wa upande mwingine kwa mdomo wa Wasomali. Maana ya jina haikusogea hata kidogo.

Siku hizi desturi inalegea. Wazazi waliosoma shule za sekondari za Kiislamu, au wenye simu yenye orodha ya majina na maana zake, wanatafuta jina ambalo jirani hana, na Juwairiya limeanza kutajwa pamoja na Sumaiya na Rumaisa. Hapa nakubali kwamba maana imepata sauti, ila ni sauti ya kuchagua upande mmoja: orodha husema kibinti na kuishia hapo, haziongezi kwamba jariya lilikuwa pia neno la kumwita mjakazi, jambo ambalo katika nchi iliyouza watoto wake wakati wa njaa lingemfanya mzazi afikiri mara mbili. Uadimu nao una gharama. Mtoto huandikwa Jueria kwenye kadi ya kliniki, Juwairiya kwenye cheti cha kuzaliwa na Juweria kwenye cheti cha kidato cha nne, kisha akifika kwenye kitambulisho cha taifa hutakiwa athibitishe kwamba hao watatu ni mtu mmoja. Mabinti hawa watakapopata wajukuu ndipo dai langu litakapopimwa. Wakirudishiwa jina, naamini litakalorudi ni Jueria, kama lilivyoitwa uani, na wala si lile lililonakiliwa kutoka kwenye orodha.