Nani Wako Nyuma ya Ngoma?

Vikundi kadhaa vya kujisaidia vimetuuliza swali moja: tukitaka kuanzisha darasa la ngoma kwa vijana wetu, tuanzie wapi? Wengine wamekwisha kununua ngoma mbili na kushona sare, na sasa wangoja mfadhili. Jibu letu ni fupi. Anzeni na watu. Ngoma huazimwa, sare hushonwa, hata chumba hupatikana ukiomba vizuri. Lakini mwalimu akiondoka, kikundi kimekwisha, na mambo hayo tumeyaona hapa Pwani mara nyingi.

Tumechagua kueleza habari hii kwa kutazama Majengo, Mombasa. Mtaa huu uko kisiwani, pembeni mwa Mji wa Kale, na nyumba zake nyingi zimejengwa kwa mtindo wa Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwani nyuma. Wengi wamejenga juu ya kiwanja cha kukodi. Nyumba ni yako, ardhi ni ya mwingine. Katika nyumba za namna hii akina mama wa Mombasa wamefundishana ngoma miaka mingi sana, bila studio na bila bango mlangoni. Ukipita nje huoni kitu. Ukisikia tari na vigelegele ndipo unajua kuna kazi ndani.

Ngoma ilikuwa chama

Watu hudhani vikundi vya kujisaidia vililetwa na harambee baada ya Uhuru wa 1963. Kumbe babu na bibi zetu walikuwa navyo zamani, na vingi vilikuwa vikundi vya ngoma! Miaka ya 1890, Lamu na Mombasa zilianza kucheza beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu. Wachezaji walipeana vyeo: kuna mfalme, kuna jemadari, kuna hata daktari. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake beni ilienea Tanganyika, na huko makundi makubwa mawili yaliitwa Arinoti na Marini. Ukiyatazama kwa juu utaona ni mchezo tu na kuringiana. Lakini mwanachama akiugua walimsaidia, na akifa walimzika.

Akina mama wa Mombasa walikuwa na lelemama. Vikundi kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilikuwa na viongozi, vyeo, michango na sare zake. Mwanamke aliyejiunga alijifunza kucheza, ndiyo, lakini pia alijifunza kukaa kikao, kuchanga kwa wakati na kushindana na kundi la pili bila kuvunja mtaa. Basi haishangazi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 akina mama wa lelemama walikuwamo katika kuunda vyama vya maendeleo kama Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association. Miaka hiyo hiyo wanawake wa Pwani waliandika kudai haki ya kupiga kura kwa Baraza la Kutunga Sheria. Shule yao ya uongozi ilikuwa ngoma.

Wanaotaka kusikia habari hizi kwa vinywa vya wenyewe watafute kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel kilichotoka mwaka 1989, chenye maisha ya wanawake watatu wa Mombasa: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Mishi wa Abdala alitoka katika ukoo wa watumwa, na habari zake za makungwi ni za kusomwa pole pole. Ngoma nyingi zinazoitwa leo utamaduni wa Mombasa zilibebwa na watu walioletwa pwani kwa nguvu kutoka bara, wakazihifadhi walipokuwa hawana kitu kingine cha kuhifadhi. Mwalimu wa ngoma asiyejua hivyo anafundisha miguu tu.

Vyama hivyo vilikuwa na kasoro. Kupanda cheo kulitaka karamu, na karamu ilitaka pesa. Kundi hili likichinja ng'ombe, lile halina budi kuchinja wawili. Watu walikopa, wakaweka rehani mali zao, na masheikh wa mji wakalaumu israfu hiyo. Kikundi kinachotumia akiba yote kwa fulana mpya za tamasha moja hakiko mbali na mambo hayo.

Mwalimu si mtu mmoja

Watazamaji humwona mchezaji wa mbele. Ukiingia uwani utakuta watu wengine.

Wa kwanza ni mwalimu mwenyewe. Kwa desturi ya Waswahili kila msichana alikuwa na somo wake, na juu ya masomo kuna makungwi waliofundisha ngoma za ndani pamoja na mafunzo ya unyumba. Mfano unaojulikana duniani ni Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013. Wageni walimjua kwa taarab, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Lakini kwao Unguja alikuwa pia mwalimu wa unyago, aliyewafunda wasichana kwa ngoma. Mwalimu wa namna hiyo hajaajiriwa na mtu. Heshima yake yatoka kwa waliopita mikononi mwake.

Wa pili ni mpigaji. Hapa vikundi vingi hukosea: humlipa mwalimu na kumsahau mpigaji, kana kwamba msondo na chapuo hujipiga zenyewe. Darasa la chakacha bila mpigaji aliyekomaa ni mazoezi ya viungo. Watoto hufuata kaseti, siku hizi simu, na simu haimsubiri mtoto aliyekosea hatua. Mpigaji humsubiri. Hurudia pale pale, mara tatu, mara nne, mpaka kiuno na mguu vielewane. Huyu pia ndiye anayejua vyombo: hewa ya bahari hulegeza ngozi, kwa hiyo ngoma zawekwa juani au kando ya moto kabla ya kazi, na haziachwi sakafuni usiku.

Halafu kuna mtunzi wa maneno, fundi cherehani, mama wa chai, na mwenye ufunguo. Msicheke. Mwenye ufunguo akichelewa nusu saa watoto thelathini wako barabarani, na jirani aliyekuwa akinung'unika kwa makelele sasa amepata sababu. Tungeshauri awe mtu mzima anayekaa karibu, na aandikwe katika orodha ya wafanyakazi kama wengine. Mama wa chai naye ndiye anayejua mtoto gani hakula tangu asubuhi. Mwalimu, macho yako kwenye miguu, hatamwona.

Na katibu awepo, mwenye daftari mbili: ya mahudhurio na ya pesa. Hilo mwalijua tayari.

Malipo

Sasa tuseme yale yasiyosemwa. Walimu wengi wa ngoma Mombasa hula kwa hoteli. Jioni hupanda matatu kwenda Nyali, Bamburi au kuvuka Likoni kwenda Diani, wakacheza sengenya na ngoma nyingine za Wamijikenda mbele ya watalii, kisha kurudi usiku. Darasa la mtaani ni la mchana, na mara nyingi ni la bure. Mei 2014, Uingereza ilipowaonya watu wake na kampuni za watalii zikawarudisha makwao kutoka Mombasa, kazi hiyo ilikatika. Mwaka 2020 korona ikafunga hoteli tena. Msanii aliyepoteza mshahara wa hoteli hawezi kuendelea na darasa la bure, atatafuta kibarua. Kwa hiyo mtalii akikosekana Diani, mtoto wa Majengo hukosa mwalimu.

Tupige hesabu ya mfano. Watoto 30, kila mmoja Sh. 50 kwa wiki, ni Sh. 1,500, kwa wiki nne, Sh. 6,000. Darasa ni mara mbili kwa wiki, yaani mara 8. Mwalimu akipewa Sh. 400 kila mara ni Sh. 3,200. Mpigaji Sh. 200 kila mara, Sh. 1,600. Chumba na usafi Sh. 800. Zimebaki Sh. 400 za ngozi na kamba. Vizuri, si ndiyo? Sasa shule zifunguliwe, wazazi wa watoto 10 washindwe. Mmepungukiwa Sh. 2,000. Mkimlipa mwalimu zabaki Sh. 800: ama mpigaji apate nusu yake na mwenye chumba akose, ama mwenye chumba alipwe na mpigaji aende bure. Ukimfukuza mtoto asiyelipa, umemfukuza yule hasa uliyemwanzishia darasa.

Tatizo hili huwakuta hata wakubwa. Chuo cha muziki cha Zanzibar, kijulikanacho kama DCMA, kilianzishwa mwaka 2002 na kimefundisha vijana wengi taarab na ngoma. Mwaka 2019 kilitangaza kuwa kiko katika hatari ya kufungwa, kwa kuwa wafadhili walipungua na wanafunzi wengi hawakuweza kulipa karo. Ikiwa chuo chenye jina namna hiyo kiliyumba, kikundi chenu kisijenge nyumba juu ya mfadhili mmoja.

Njia tunayoiona ya kufaa ni kuwa na kundi la watu wazima linaloalikwa harusini na kwenye sherehe za serikali, na kukubaliana mapema, kwa maandishi, kwamba sehemu ya kila malipo yaingia mfuko wa walimu. Iwe robo, iwe thuluthi, amueni wenyewe. La muhimu ni iamuliwe kabla pesa hazijaonekana. Zikishaonekana kila mtu ni mwalimu!

Wazazi, dini na usalama

Sisi wa makanisa tusijisahau. Wamisionari wengi wa kwanza walizikataza ngoma. Leo parokia zetu zina watoto wa kucheza mbele ya altare, na mwalimu wao mara nyingi hapewi hata nauli. Majengo, hata hivyo, ni mtaa wenye Waislamu wengi. Mzazi Mwislamu akiambiwa darasa li katika ukumbi wa kanisa atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama mwanawe anafundishwa ngoma au dini. Kwa maoni yetu darasa la mtaa mzima lifanyike mahali pa mtaa mzima: ukumbi wa kijamii kama ule wa Tononoka, au shuleni. Wakati upangwe usigongane na madrasa, Ramadhani lifungwe, na wazazi wakitaka wasichana wafundishwe peke yao na mwalimu mwanamke, iwe hivyo. Lelemama ilikuwa ya wanawake watupu na haikupungukiwa kitu.

Vijana wa Majengo wamebeba jina baya kupita kiasi. Februari 2014 polisi walivamia Msikiti Musa na kukamata vijana wengi, na tangu hapo kijana akitaja mtaa wake mbele ya askari hutazamwa mara mbili. Kwa mzazi, kujua mwanawe yuko wapi kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni si jambo dogo. Ndiyo maana tunataka wafanyakazi wa darasa wachunguzwe. Mwalimu na msaidizi yeyote alete cheti cha polisi cha tabia njema, kile cha gudi kondakti. Wasiwepo mtu mzima mmoja na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Safari ya kucheza nje ya mtaa iwe na idhini ya mzazi kwa maandishi na mama wawili wa kuandamana. Sheria ya Watoto ya 2022 yamlinda mtoto, na nambari ya simu ya kuripoti dhuluma, 116, hupigwa bila malipo. Ibandikeni ukutani mahali watoto wanapoiona, si ofisini mwa mwenyekiti.

Kuhusu kuandikisha kikundi: tangu Sheria ya Kuandikisha Vikundi vya Jamii ya 2022, nendeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa eneo lenu mkiwa watu wasiopungua kumi, na katiba yenu mkononi. Andikeni humo mali ni ya nani. Ngoma zilizonunuliwa kwa michango zikiwa nyumbani kwa mwalimu, na mwalimu akigombana na mwenyekiti, katiba ndiyo itakayosema zirudi wapi.

Mrithi

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka. Sababu moja ilikuwa kwamba waijuao vizuri wamezeeka na warithi hawapo. Watu wa kucheza bado wapo. Wa kufundisha ndio wanaokwisha.

Kila mwalimu wenu basi awe na msaidizi wawili, wenye umri wa kukaa, si wale wanaongoja kazi ya Gulf mwezi ujao. Mara moja kwa wiki msaidizi afundishe, mwalimu akae kando anyamaze (hili la kunyamaza ni gumu, tunajua). Kama mtaani kwenu kuna bibi anayejua vugo au lelemama za zamani, mwendeeni mwaka huu. Simu ya kawaida yatosha kurekodi sauti yake. Mwombeni ruhusa kwanza, mkubaliane ni yapi ya kusikiwa na wote na yapi ni ya ndani ya wanawake, na mchukulieni sukari na majani ya chai. Nakala moja ibaki kwake, nyingine kwa katibu, na jina lake liandikwe juu ya zote mbili.