Kanuni Hufika Msimbati Kabla ya Kufika Bungeni

Kanuni inayotaja ukubwa wa tundu la wavu wa mvuvi wa Msimbati huanza kufanya kazi siku inapochapishwa katika Gazeti la Serikali, isipokuwa yenyewe itaje tarehe nyingine. Wabunge huletewa baadaye. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 38, inataka kanuni iwekwe mezani mwa Bunge ndani ya siku sita za vikao vinavyofuata kuchapishwa kwake. Lakini Bunge letu halikai mwaka mzima. Mkutano wa bajeti ukifungwa mwishoni mwa Juni, kanuni itakayochapishwa wiki inayofuata itakuwa imekwisha kutoza watu faini kabla mbunge hajaombwa hata kuitazama.

Nimekulia Msimbati, katika pwani ya Mtwara, mtoto wa mvuvi aliyekuwa pia na mikorosho michache, na sehemu kubwa ya utu uzima wangu nimeandika vitabu vya chama cha msingi cha korosho. Kazi hiyo ilinilazimisha kusoma Gazeti la Serikali, maana kilo moja ya korosho hukatwa tozo hii na ushuru ule, na mkulima akisimama mbele ya meza yangu anataka kujua kila shilingi imekwenda wapi.

Sisi wa pwani hii tunaishi chini ya mamlaka nyingi kuliko watu wanavyodhani. Bodi ya Korosho ipo Mtwara mjini. Gesi ya Ghuba ya Mnazi husafishwa Madimba, na shirika la umma la TPDC lina mkono wake humo. Tangu mwaka 2000 vijiji vyetu vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 650 hivi, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari ya 1994. Kila mamlaka inamjibu waziri, na waziri analijibu Bunge. Ibara ya 63 ya Katiba inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali.

Siku moja mzee mmoja mvuvi, ambaye wavu wake ulikuwa umechukuliwa, alinijia barazani.

“Mwanangu, wewe unasoma. Hii kanuni ilipigiwa kura na nani?”

“Shikamoo, mzee. Haikupigiwa kura. Bunge lilitunga sheria ya uvuvi mwaka 2003, likampa waziri ruhusa ya kuandika kanuni zake.”

“Kwa hiyo mbunge wangu hakuiona?”

Swali lake lina haki ya kujibiwa vizuri. Ibara ya 97 inaruhusu Bunge kugawa madaraka hayo, na sababu yake inaeleweka: wabunge hawawezi kukaa Dodoma kujadili kina cha maji kinachofaa kwa nyavu za kuzungushia, wala tarehe ya kufungua mnada wa korosho. Kwa hiyo ipo Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Sheria Ndogo. Kazi yake ni kuchukua kanuni zilizokwisha kuchapishwa, za mawaziri na za halmashauri, na kuzipima: je, zinakwenda sawa na sheria mama na Katiba, je, adhabu imevuka kiwango, je, zimeandikwa kwa namna ambayo mtu ataelewa? Kasoro ikionekana, waziri huitwa na kutakiwa arekebishe. Bunge linaweza hata kupitisha azimio la kuifuta kanuni. Ila ufutaji huo hautengui yaliyokwisha kufanyika kihalali. Wavu uliochomwa moto umekwisha kuchomwa.

Ndiyo maana nasema kamati hii, isiyotajwa sana magazetini, ina uzito kwetu kuliko kelele nyingi za ukumbini. Nayo hufanya kazi vizuri pale inapopata habari kutoka kwa mtu aliyeguswa. Mwanasheria aliyeko Dodoma ataona kwamba kifungu kimerejea namba isiyo yake. Hawezi kuona kwamba kina cha maji kilichotajwa kinampeleka mwenye ngalawa nje ya mwamba, ambako kusi ikivuma hakuna wa kumwokoa.

Mwezi Juni 2018 ulionyesha jinsi hali inavyobadilika kanuni inapomgusa anayepaswa kuisimamia. Maofisa wa uvuvi waliokuwa katika operesheni dhidi ya uvuvi haramu waliingia katika kantini ya Bunge, wakapima kwa rula samaki waliokwisha kupikwa. Wabunge walikasirika, jambo likafika ukumbini mara moja, na ikabidi Serikali ijieleze. Huku kwetu samaki walikuwa wakipimwa na nyavu zikikamatwa siku zote, na malalamiko hayakuwahi kusafiri kwa kasi hiyo.

Mkutano huohuo wa Bunge ndio ulioamua pia fedha za korosho, na hapa nataka kukaa kidogo. Korosho ghafi inayosafirishwa nje hutozwa ushuru. Kwa utaratibu uliokuwepo, asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kuendeleza zao, na asilimia 35 ikaenda Hazina. Katika hiyo 65 ndimo ilimotoka salfa ya kupulizia mikorosho, miche mipya, na utafiti wa kituo cha Naliendele, kilomita chache kutoka Mtwara mjini. Muswada wa Sheria ya Fedha wa 2018 ulipendekeza fedha yote iende Mfuko Mkuu wa Serikali.

Kamati ya Bajeti, ikiongozwa na Hawa Ghasia aliyekuwa mbunge wa Mtwara Vijijini, ilipinga. Wabunge wa kusini walisimama mmoja baada ya mwingine. Wakataka pia maelezo kuhusu malimbikizo ya miaka ya nyuma, ambayo wao waliyataja kuwa zaidi ya shilingi bilioni 200. Waziri wa Fedha alijibu, kura ikapigwa, muswada ukapita. Mjadala mzima umo katika Majadiliano ya Bunge, na yeyote anaweza kusoma nani alisema nini.

Msimu uliotangulia nchi ilikuwa imevuna zaidi ya tani 313,000. Msimu uliofuata minada ilivunjika kwa sababu ya bei ndogo. Novemba 2018 Rais John Magufuli alivunja uongozi wa Bodi, akaagiza Serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na magari ya jeshi yakaja kuisomba. Uhakiki wa kutafuta wanunuzi wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya mnada rasmi, ukachelewesha malipo ya wakulima halali. Kufikia 2020/2021 mavuno yalikuwa zaidi kidogo ya tani 200,000. Siwezi kuitwisha sheria moja lawama zote, maana mvua na magonjwa vina sehemu yao. Lakini mkulima aliyekosa fedha ya salfa hapulizii, na mkorosho usiopuliziwa huliwa na ugonjwa wa ubwiri unga maua yakiwa bado machanga.

Sasa tazama tofauti. Kuhusu ushuru, wabunge walijua mapema, kwa sababu ulikuja kama muswada. Walishindwa, lakini walipigana mbele ya macho yetu. Mwongozo wa mauzo ambao Bodi huutoa kila msimu, unaopanga namna ya kukusanya, kuhifadhi ghalani na kuuza mnadani, hauji kwa njia hiyo. Mimi huupokea ofisini kama barua nyingine, na unabadilisha maisha ya watu kuliko sheria nyingi.

Kuna jambo la gesi ambalo bado linaniuma. Novemba 2012 Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi la bomba la kwenda Dar es Salaam. Desemba watu wa Mtwara waliandamana kulipinga. Mei 22, 2013 Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, alisoma bajeti yake bungeni, na watu mjini wakasikia kwamba bomba litajengwa kama lilivyopangwa. Siku ile na zilizofuata watu walikufa, nyumba na ofisi zikachomwa, wanajeshi wakaingia mitaani. Serikali ilikuwa na hoja zake: mitambo ya umeme na wateja wakubwa wako Dar es Salaam. Hoja hizo zingeweza kuletwa Mtwara kabla ya mikataba, zikajadiliwa na madiwani na wabunge wetu. Hotuba ya bajeti ilikuwa taarifa ya jambo lililokwisha kuamuliwa.

Kila mwaka, kabla ya mkutano wa Aprili, kamati za Bunge hukutana kupitia utekelezaji wa bajeti inayomalizika na makadirio ya ijayo. Huo ndio wakati wa kuandika. Mimi huchukua hotuba ya waziri ya mwaka uliopita, nikatia alama kila palipotajwa Mtwara, kisha nikaenda kutazama kama kilichoahidiwa kipo. Barua yangu kwa mbunge huwa ya ukurasa mmoja. Ya safari hii inaomba mambo mawili. Mwongozo wa mauzo ya korosho upelekwe mbele ya kamati kabla msimu haujafunguliwa, pamoja na maoni ya vyama vya msingi. Na halmashauri yetu ieleze, kwa hesabu zilizobandikwa ubaoni katika kila kijiji, ushuru wa huduma unaotokana na gesi umekuwa shilingi ngapi na umejenga nini Msimbati na Madimba.